Upole wa Vagheni

...na yapoe, lakini yasiharakishe kupoa, maana yakishapoa itabidi afunue kopo, na akifunua kopo ataona kile kile alichokiona asubuhi, unga wa maziwa umebaki utando mwembamba chini kabisa, na kile kijiko kidogo cha plastiki kimelala juu yake kimekosa kazi, kwa hiyo maji na yakae hapo sakafuni kwenye kikombe chake cha bati, yatoe mvuke, na yeye Jokébed akae hapa kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko lake la makaa, mjukuu wake Vagheni kifuani ndani ya kitenge, asifanye lolote, kungoja maji yapoe nayo ni kazi, hakuna wa kumlaumu mtu anayengoja maji yapoe... "Mama Elsa, uko?" Ni Orpa huyo, jirani wa ukuta mmoja, amesimama nje, vidole vyake vya miguu vinaonekana kwenye uwazi chini ya mlango wa mbao, "Niko," Jokébed anajibu, na hapo anakomea, hasemi ingia, ingawa kusema niko huku mtoto wa watu amesimama mlangoni ni sawa na kumwambia niko lakini si kwa ajili yako, anajua, alilelewa vizuri huko Masereka, nyumbani kwao mtu hakusimamishwa nje hata kama sufuria lilikuwa tupu, lakini leo ulimi umekuwa mzito, na Orpa naye hasukumi mlango, anasema tu, "Mvula inakuya, mama. Ulitosha bikwembe inje?" "Nilitosha," nguo amekwisha kuzianua. "Njo vizuri." Vidole vya miguu haviondoki.

Mama Elsa. Wengine wote wa kiwanja hiki wameacha kumwita hivyo, siku ile ile habari ya binti yake Elsa ilipofika walihamia jina la kitinda mimba wake, wakawa wanasema Mama Siméon, Mama Siméon, kwa sauti ya chini kama watu wanaopita karibu na aliyelala, walifanya kwa huruma, na yeye akaitikia kwa sababu huruma ya watu haikataliwi, lakini kila wanapomwita hivyo anamsikia Elsa anakufa tena, mara moja zaidi, midomoni mwa watu, na ni Orpa peke yake asiyebadilisha, Orpa anasema Mama Elsa vile vile kama zamani kule Mulekera, Beni, kabla mauaji hayajawasukuma wote wawili huku Butembo, na Jokébed hajui ampende kwa hilo au amchukie... anajua, anampenda, ndiyo maana hawezi kumtazama usoni. Maana anajua kilichomleta. Orpa amemzika mwanawe wa kiume juzi juzi tu, palu, malaria, homa ya haraka, mtoto aliyekuwa mnene, mwenye mikunjo mapajani, na baada ya matanga, wanawake walipokwisha kurudi makwao, alikuja akaketi hapa hapa, kifua kimelowa madoa mawili, akatazama chini, akasema, "Mama Elsa, maziwa iko inamwangika bure," na mwenye masikio yeyote angeelewa, mwanamke hasemi hivyo mbele ya mtoto mwenye njaa kwa kupiga soga, lakini Jokébed akajitia hamnazo, akainuka, akachukua kabichi iliyoletwa kutoka Masereka, akabandua majani makubwa ya nje, akampa, "Kamata hizi, mwanangu, ufunge ku kifua, itakauka," kama walivyofanya mama zake, jani la kabichi huvuta joto, maziwa hukata, kifua hupumzika, na Orpa akayapokea kwa mikono miwili, akasema aksanti mama, akaenda. Aksanti. Alimshukuru.

Lakini wakati ule kopo lilikuwa na unga bado, si mwingi, ila kijiko kilikuwa kinazama, na mtu ambaye kijiko chake kinazama anaweza kujifanyia kiburi kidogo... Luc, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye aliyempa makopo ya kwanza, akamwonyesha, kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, maji kiasi hiki, usipunguze, usiongeze, na safari iliyofuata akampa moja tu, na iliyofuata akakuna kichwa, "Stock imeisha, mama. Ya Goma haipande tena, ya Uganda iko inalala ku barabara," kisha akamweleza mambo ya mbali kwa upole kama mtu anayemweleza mgonjwa, waliokuwa wakitoa msaada wamefunga mifuko, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, tangu vita vipande hadi Kanyabayonga magari ya kule hayaji, na yale yanayopitia Kasindi yanangoja wanajeshi wayasindikize, mengine yamechomwa moto pamoja na shehena, na Jokébed akabaki anawaza maziwa ya unga yakiungua, yananukaje, na akawaza inakuwaje bunduki zote hizi, za msituni na za mjini, zenye majina marefu hivyo redioni, mwishowe zimkute huyu asiye na jino hata moja. Redio yenyewe inasema hali inafuatiliwa kwa karibu. Mama wa kanisa walileta sabuni na mchele, wakaimba, wakalia naye, walifanya walichoweza, lakini mchele huyu hatafuni. Na Zorobabel wa sokoni, yeye alikuwa na "lait", maziwa, ndani ya vifuko vya nailoni, bila kopo, bila maandishi, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni ile ile, kumbe ni ule unga mweupe wa kutia kwenye kahawa, mtoto akaharisha mpaka macho yakadidimia, na Jokébed alipomrudia Zorobabel na kifuko mkononi, mwanamume yule alitazama pembeni akasema, "Mama, mi pia niliambiwa njo lait," na labda hakudanganya, siku hizi hata uongo unafika sokoni umekwisha kupita mikono mingi... Ndipo Kakule, baba wa mtoto, akapanda pikipiki yake, akasema anashuka Beni, Beni haiwezi kukosa, iko karibu na mpaka, na alipiga simu mara moja tu, "Nasikia iko moja kwa butike, mais mwenyewe amefunga, donc nangojea," anamngoja mwenye duka afungue, na tangu hapo ni yule mwanamke wa kwenye simu anayejibu kwa Kifaransa, hapatikani, hapatikani, hachoki. Kila pikipiki inayopanda kilima Jokébed huisikia kwa moyo kabla ya sikio. Si yeye. Hiyo nayo si yeye. Na hapo katikati akaanza kukipunguza kijiko, kwanza chini kidogo ya ukingo, kisha nusu, kisha akachuja uji wa ulezi ukawa maji ya kijivu, akachanganya, akatikisa, biberon, chupa ya mtoto, ikaonekana imejaa, na kitu kilichojaa hutuliza macho ya anayenyweshea.

"Maji ulichemusha?" anauliza Orpa huko nje. "Nilichemusha. Nangojea ipoe." "Njo vile tulikuwaka tunafanya ku crèche." Kwa nini ataje crèche leo, na Jokébed hataki kwenda huko lakini amekwisha kufika, ni Beni, mwaka ule wa Ebola, yeye ana homa, gari jeupe limesimama mbele ya nyumba na majirani wamerudi nyuma, na Siméon wake, bado wa kunyonya, wanambandua kifuani, mtu aliyevaa plastiki mwili mzima, macho tu, anasema tutamtunza mama, usiogope mama, na wakampeleka kwenye ile crèche, nyumba ya watoto kando ya kituo, na wa kuwatunza walikuwa waliopona, wakiitwa berceuses, wabembelezaji, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kufanya nao ulilotaka, wao tu ndio walioweza kumbeba mtoto bila glavu, ngozi kwa ngozi, na mmoja wao alikuwa Orpa, kisichana chembamba kilichotoka kuzika mama na dada, na kila asubuhi Orpa alikuja mpaka kwenye ule wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa, akamwinua Siméon juu ya kichwa chake ili mama yake amwone kutoka upande wa pili, na Jokébed, hana hata nguvu ya kusimama, akauliza kwa sauti iliyokatika, "Amekunywa?" na Orpa akajibu, "Amekunywa, mama, na amecheua," amecheua, neno dogo hivyo, alilishika mchana kutwa kama kipande cha mkate. Haikuwa Ebola, ilikuwa malaria tu, akarudishiwa mwanawe amenenepa. Maana crèche ile ilikuwa na makopo mpaka darini, Orpa mwenyewe husimulia, yalipangwa kama matofali, hayakuwa na mwisho, ugonjwa ule ulikuwa na wageni wengi, magari, kofia, kamera, ulikuwa unasikika mpaka ng'ambo, na njaa hii ya sasa haina gari hata moja, mtoto huyu hana ugonjwa wa kumtisha mzungu, ana njaa tu... na kuna siku, Mungu amsamehe, Jokébed alitamani ile Ebola irudi kidogo, iguse tu kando ya mji, ilete maziwa, iondoke.

Na Ebola hiyo hiyo ndiyo aliyoikimbilia alipokuwa anabandua majani ya kabichi. Alijiambia, Orpa ni mtu aliyepona, waliambiwa wasinyonyeshe mpaka maziwa yapimwe, huwezi kujua, huenda kuna kitu kimelala humo ndani... uongo mtupu, hiyo ilikuwa miaka ile, na Bénite, binti mkubwa wa Orpa, amekua kwa maziwa hayo hayo, anasikika hapo kiwanjani anaruka kamba na kuimba, na yule wa juzi alijaza mikunjo yake kwa maziwa hayo hayo, kilichomchukua ni mbu. Basi si Ebola. Ni nini basi, Jokébed, sema, hakuna anayekusikia ila mvuke. Ni kwamba kaburi hajaliona. Elsa alikwenda Mabalako na tumbo lake kuvuna mpunga kwa sababu huku kulikuwa na njaa, akajifungulia huko, kwa watu wasiomjua, damu ikakataa kusimama, na kituoni hapakuwa na damu ya kumwongezea, wakamzika huko huko kwa kuwa barabara haikupitika na maiti, na Kakule akarudi na mtoto amefungwa ndani ya koti lake, akasema nimemwita Vagheni, kwa kuwa amezaliwa kwa wageni, na mama mtu akabaki na jina la mtoto na koti lenye vumbi, bila jeneza, bila udongo wa kushika, na mtu ambaye hukumfukia unaweza kuendelea kumngoja, hiyo ndiyo siri yake yote, anamngoja. Maziwa ya kopo ni maziwa ya kungojea. Hayana uso. Hayakai mahali pa mtu yeyote, ni ng'ombe wa nchi ya mbali asiye na habari, na ikitokea Elsa akasukuma mlango huu jioni moja, kikapu kichwani, miguu ina matope ya Mabalako, akasema mama, mulete mutoto, atakuta nafasi yake iko wazi, hakuna aliyeikalia. Lakini ziwa lina uso juu yake. Mtoto akinyonya huinua macho, wote hufanya hivyo, Elsa alifanya, humtazama anayemnyonyesha mpaka amjue kuliko anavyojijua, na akiinua macho amkute Orpa, basi huyo ndiye atakayekuwa mama yake, na Elsa atakuwa amekufa, hatakuwa amechelewa tena, atakuwa amekufa. Yeye mwenyewe amejaribu la kwake. Ndiyo, alijaribu, mlango umefungwa, kwa aibu ya mtu mzima, alimpa mtoto ziwa lake la bibi lililolala kama soksi, na Vagheni akalishika kwa nguvu ya kushangaza, akavuta, akavuta, akaachia, akamkasirikia kwa kilio kilichomfanya mwekundu, na kanisani mchungaji aliwahi kuwachekesha wanawake kwa jina lake, Jokébed wa Misri, mama yake Musa, alilipwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe, huyu wetu nani atamlipa, wakacheka, naye akacheka... Alikasirika siku ile, Vagheni. Alikuwa na nguvu za kukasirika.

Tone la kwanza la mvua linagonga bati, peke yake, halafu jingine mbali. "Mama Elsa." "Eeh." "Mutoto iko analala?" "Iko macho." Iko macho, ndiyo, ametulia tu, amekuwa mpole, watu wote wanamsifu, hata mama wa kanisa walisema angalia mutoto mupole hivi, hapana sumbua bibi yake, ni kama anajua mateso ya bibi yake, na Jokébed alijisikia vizuri, mtu akinyang'anywa kila kitu sifa ndogo kama hiyo huishika kwa mikono miwili, alisema nanyi mnaona, huyu amerithi upole wa mama yake, ingawa Elsa hakuwa mpole hata siku moja, Elsa alipiga kelele kiwanja kizima kikaamka, Elsa wa miezi mitatu alikuwa anadai maziwa kama askari anavyodai kitambulisho... "Juu tangu jana mi hapana sikia akilia," anasema Orpa. "Amekuwa mupole," anajibu Jokébed, na anajisikia akilisema, neno linatoka mdomoni limekaa vizuri, limezoea njia. Vidole vya miguu vinajikunja kwenye udongo. "Mama, kule crèche benye kulia hatukuwaka tunabaogopa. Benye kuwa bapole njo tulikuwa tunaitia munganga mbio." Anasema bila ukali, anasema kama mtu anayeokota kitu chini na kukirudisha mezani. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, yenye haya, "Mi niko naye ku ukuta moja. Akiliaka, maziwa yangu inakuya yenyewe. Hata napika, hata niko ku sala. Inalowesha kikwembe, nabadirisha, inalowesha tena. Nilikuwaka namukasirikia, nasema, huyu mutoto wa watu ananisumbulia nini. Jana hakulia. Leo pia hapana. Na leo kikwembe yangu iko kavu, mama. Njo nimekuya kuangalia kama iko muzima."

Kavu. Jokébed anabaki nalo neno hilo, na maji yanatoa mvuke, na Bénite anaimba, kavu, ni majani yangu, ni majani yangu ya kabichi na upole wa huyu, mmoja anakauka kwa sababu haitwi na mwingine haiti kwa sababu hana nguvu, na mimi hapa katikati, mimi ndiye ukuta, naangalia maji yapoe... anafunua kitenge, anamtazama mjukuu wake kama hajapata kumtazama, macho nusu wazi hayafuati kitu, midomo ina magamba, na utosini, pale panapopigapiga, pamebonyea shimo dogo la kidole, tangu lini, alimwogesha jana, alipitisha mkono hapo hapo, mkono uliona na ukanyamaza. Orpa ameanza tena kusema huko nje, anajaza kimya kwa adabu ya mtu aliyesema sana, kwamba mvua hii ikinyesha barabara ya Beni itaharibika zaidi, kwamba Kakule labda atarudi na msafara wa kesho, kwamba Mungu... na Jokébed anashika mguu wa mtoto, mdogo, wa baridi, anaupiga unyayo kwa kidole kama alivyoona wakunga wakifanya. Hakuna kitu. Lia, Vagheni. Anapiga tena, kwa nguvu, inamuuma yeye mwenyewe, lia kama mama yako, mama yako alikuwa na kelele, mama yako hakuwa mpole, nilidanganya, mama yako amekufa, Elsa amekufa, yuko Mabalako chini ya udongo wa watu na hatasukuma mlango huu, lia, na uso mdogo unajikunja, unakawia, unatafuta pa kuanzia, na kilio kinatoka, chembamba, kimepasuka, si kikubwa kuliko mlio wa bawaba ya mlango, lakini kinatoka.

Na nje maneno ya Orpa yanakatika katikati ya barabara ya Beni. Jokébed anasikiliza. Mtoto analia tena, hafifu zaidi, na vile vidole vya miguu chini ya mlango vimesimama havijikunji wala havisogei, na baada ya muda sauti inasema, si kwake, inajisemea yenyewe kama mtu anayeshangaa kuona maji yamerudi kwenye bomba, "Imekuya." Mvua bado haijaamua, tone hapa tone pale. Kopo liko pale pale limefunikwa, na kikombe kando yake bado kinafuka, na pikipiki moja inapanda kilima huko chini na kwa mara ya kwanza Jokébed haisikilizi, anafuta uso wake kwa ncha ya kitenge, anakisukuma kikombe kwa mguu mpaka karibu na mlango, maana mwanamke anayenyonyesha hunywa kwanza. "Ingia, mama Bénite," anasema. "Mulango hapana fungwa."